Paka Aliyefungwa Mkaja

Tangu utotoni nimekuwa mtu wa kuchungulia ndani ya vitu. Nikipewa kuku wa kukatakata, nilikawia jikoni mpaka mama yangu akaniuliza kama napika au nasoma, maana nilikuwa nalivuta paja polepole nione mfupa unavyochomoka kwenye kikombe chake, naurudisha, kisha nauchomoa tena. Kwa hiyo ukiniuliza ilikuwaje mwanamke wa Temeke, mwenye mtoto wa kunyonya, akajikuta amesimama ndani ya ofisi ya mifugo ya serikali akimdondoshea paka dawa ya usingizi, sehemu ya jibu ni hiyo. Sehemu nyingine ni mama mkwe wangu na haya zake.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na Temeke yetu ilikuwa nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, zimetawanyika kati ya minazi na mikorosho. Nyumbani tulikuwa mume wangu, mama yake, mie, na mwanangu wa kwanza aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Halafu paka. Alikuwa jike, rangi ya majivu, tumbo jeupe, mali ya mama mkwe, na kwa jinsi alivyopendwa nilikuwa na haki zote za kumwonea wivu. Samaki akipikwa, yeye alimegewa kwanza. Akilala mkekani, sie wengine tulikaa pembeni.

Na mie nilikuwa naumwa. Hilo ndilo lililokuwa jambo kubwa la maisha yangu siku zile, na hakuna aliyelikubali. Tangu nijifungue nilikuwa na maumivu chini ya kiuno, upande wa kulia wa uti wa mgongo, pale juu ya tako panapobonyea kidogo. Kugeuka kitandani ilikuwa kazi ya kushika ukingo na kukaza meno. Nikivuka kizingiti kwa mguu wa kulia, kitu ndani kilisogea. Kuuma nisingeona ajabu. Ni huko kusogea, na neno hilo ndilo lililowachekesha.

"Kinasogea kwenda wapi?" mama mkwe aliuliza. "Kiuno ni kiuno. Hakina milango."

Yeye ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto mpaka arobaini yangu ikaisha, na yeye ndiye aliyenifunga mkaja, ule mshipi wa kitambaa anaofungwa mzazi tumboni ili mwili urudi. Kwa hiyo kuumwa kwangu kulikuwa kama tusi kwa kazi ya mikono yake. Aliamini niliulegeza mkaja kwa sababu ya joto, na kweli mara mojamoja niliulegeza, au kwamba nakwepa kinu. Mume wangu hakunituhumu. Yeye alisema, "Jinyooshe tu, itaachia," akaendelea na chai yake.

Lililonitisha ni kwamba nilianza kuwaamini. Sina kidonda, sina uvimbe, sina homa. Kuna asubuhi nilisimama mbele ya kinu, mchi mkononi, nikajiuliza kwa dhati kabisa kama mie ni mvivu na sijijui. Nilitaka mtu mmoja tu aniambie kwamba kilichomo kimo. Hata kama hakina dawa.

Siku ya ajali lori lilikuwa limekuja kupakia nazi kwa jirani, na paka alikuwa amejilaza kwenye kivuli cha gurudumu. Dereva akarudi nyuma. Tulisikia watu wanapiga kelele, kisha tukamwona paka akitambaa kuja kwetu kwa miguu ya mbele, ile ya nyuma ikimfuata imetawanyika kama si yake. Damu hakuna hata tone. Mama mkwe aliangua kilio, akampakata, akampapasa, na alipomaliza kumpapasa akafuta machozi na kutoa hukumu.

"Nyonga zimefunguka," alisema. "Kama mzazi."

Na kama mzazi ndivyo alivyomtibu. Karai la maji ya moto likaletwa, kitambaa kikachovywa na kukamuliwa, na paka akakandwa kiuno huku mie nimemshika kichwa kwa gunia, maana alikuwa anauma kila anachokiona. Kisha mama mkwe akachana kipande cha kanga kuukuu, akamzungushia kuanzia mbavuni kushuka, akakaza, akapachika ncha. Mkaja kamili. Ulifungwa kwa ufundi, hilo simnyimi. Nilitaka kucheka, na nilitaka kulia pia, kwa sababu paka hakuambiwa kwamba kiuno hakina milango.

Kesho yake hakula. Wala hakukojoa. Jioni tumbo lilikuwa limefura chini ya kitambaa, na akiguswa anatoa sauti ambayo sikujua paka anayo. Mume wangu alipofika kutoka kazini, akamgusa mara moja tu, uso wake ukabadilika. Yeye alikuwa dresa wa mifugo: alichemsha sindano, alishika pembe, siku za kuchanja alikwenda na gari la ofisi mpaka Mbagala na huko mbele ya Mbagala. Wanyama aliwajua.

"Mama, toa kitambaa. Kibofu kimejaa, kitapasuka."

"Kitambaa ndicho kinachomshikilia."

"Mama, nakuomba."

Akakitoa. Mume wangu akasema itabidi apelekwe kwa Bwana Mifugo, ndivyo tulivyomwita daktari wa wanyama, Mzungu mmoja aliyekuwa bingwa wa ng'ombe lakini akipenda sana mambo ya mifupa. Mama mkwe aliwaza. Alimpenda paka kuliko alivyomwogopa Mzungu, ila kulikuwa na kikwazo.

"Atafunuliwa kiuno na wanaume watupu? Huyu ni mwanamke. Haendi bila mwenziwe."

"Mama, ni paka."

"Ni mwanamke. Na mie siwezi kuona damu, unanijua." Akageuka kunitazama mie. "Weye nenda. Si wapenda kuchungulia?"

Mwanangu akabaki kwa bibi yake, na alfajiri nikachechemea nyuma ya mume wangu na tenga la kuku lenye paka ndani.

Bwana Mifugo alikuwa mrefu, mikono imeiva kwa jua, na Kiswahili chake alikisema polepole, neno baada ya neno, kama anayehesabu mayai. Mume wangu alimweleza kwa aibu kwa nini kaja na mkewe. Mzungu hakucheka. Alisema vizuri, mtu wa kudondosha dawa alikuwa hayupo siku hiyo. Kisha akamshika paka tumboni, akambonya taratibu, na mkojo ukatoka mwingi mno mpaka nikarudi nyuma. Paka akashusha kichwa, akapumua.

Akaondoka naye kwa gari, na aliporudi alikuwa na picha ya eksirei, iliyopigwa hospitalini kwa hisani ya mtu ambaye hakumtaja. Akaiinua dirishani. Nilikuwa sijapata kuona ndani ya kitu bila kukikata. Ule uti wa mgongo, kijino kwa kijino, mpaka kwenye mfupa mpana kabla ya mkia. Na pembeni mwake, huku na huku, nyonga mbili ndefu zimesimama kama nguzo za kitanda. Ya kushoto ilikuwa imeshikana na mgongo. Ya kulia ilikuwa imeachana nao na kupanda juu.

"Unaona?" alisema. "Haikuvunjika. Imetoka tu mahali pake. Hapa pana kiungo."

"Kwani pana kiungo hapo?" Nilisahau hata kusema bwana.

"Kipo. Kigumu, hakichezi sana, lakini kipo. Wengine hupona kwa kulala tu. Huyu mfupa umekwenda mbali, unabana njia. Nataka kuurudisha na kuufunga kwa skrubu."

Alisema hajawahi kufanya hivyo kwa paka. Kwa mbwa alijaribu, na hakusema yule mbwa aliishia wapi. Nilimpenda kwa kuwa mkweli, ingawa sikujua nitamwambia nini mama mkwe.

Mume wangu alichemsha vyombo, akazima stovu na kuitoa nje kabisa, maana dawa ile ya usingizi inashika moto. Madirisha yakafunguliwa. Nikapewa kikopo na kifuniko cha waya cha kumwekea puani, kilichovikwa kitambaa, nikaonyeshwa: matone, subiri, tazama mbavu, matone tena. Harufu yake tamu ilinipanda kichwani nikafikiri nitalala mie kwanza. Paka alipigana kidogo, akalegea. Wakamnyoa ubavu, wakampaka aidini, na Bwana Mifugo akakata ngozi juu ya nyonga.

Nilitegemea damu nyingi, ikatoka kidogo tu. Misuli hakuikata, aliitenga, akiisukuma kando kwa chuma bapa, taratibu, kama unavyotenga nyama ya samaki usimvunje miiba. Ndani likatokea bawa la nyonga, jeupe la kibuluu. Mume wangu akalishika kwa koleo na kulivuta kando, na chini yake nikaona mahali lilipobanduka.

Nimepata kuona vitu vizuri maishani, na bado nakiweka kile miongoni mwao. Ulikuwa uso wa mfupa wenye umbo la sikio dogo. Nusu yake laini inang'aa, nusu imekwaruzika kama ukuta uliobanduliwa chokaa. Na kwenye bawa upande wa ndani, sikio jingine, la kulikabili lile. Yalitengenezwa yakae pamoja maisha yote bila mtu kujua kama yapo.

"Matone, mama," alisema Bwana Mifugo. Nikakumbuka kazi yangu.

Akaanza kutoboa kwa keekee ndogo ya mkono, sawa na ya seremala ila imefanywa kwa subira zaidi. Mahali pa kuingiza skrubu palikuwa padogo kama kunde. Alinieleza huku anafanya, nadhani alijieleza mwenyewe pia: juu kidogo unaingia kwenye njia ya mishipa ya fahamu, naye hatatembea tena, chini kidogo unatokea tumboni. Alipima kwa macho, akatoa keekee, akapima tena, akaguna, akabadili mwelekeo. Nilisikia sauti ya keekee ikibadilika ilipotoka kwenye mfupa mgumu wa juu na kuingia kwenye ule wa ndani, laini zaidi. Jasho lilimtoka puani, mume wangu akampangusa kwa mkono wa shati. Kisha Bwana Mifugo akamwambia avute mguu, ashushe, zaidi, zaidi, na lile bawa likarudi nyuma taratibu mpaka masikio mawili yakafunikana.

Skrubu ikaingia. Akaijaribu nyonga kwa kidole. Haikusogea.

Hapo ndipo swali lilinitoka. Nilikuwa nimelibana tangu dirishani.

"Bwana Daktari, kiungo hiki ni cha wanyama tu?"

"Hapana. Wewe unacho. Mimi ninacho." Mikono yake ilikuwa na damu, kwa hiyo akapindisha kiwiko nyuma, akajigusa mgongo nacho, chini, upande mmoja wa uti. "Hapa."

Mkono wangu wa kushoto ulikwenda wenyewe nyuma. Kidole gumba kikatua palepale panapobonyea, palepale panaponiuma kila siku, na maumivu yakaitikia kama mtu aliyeitwa.

"Na kwa mtu huachana?"

"Kwa lori, ndiyo," alisema, akiwa ameshaanza kushona. "Lakini kwa mwanamke hulegea tu, akibeba mimba. Mimi si daktari wa watu. Ng'ombe nawajua. Ng'ombe akikaribia kuzaa utaona hapa pembeni mwa mkia pamebonyea, pamelegea kabisa, ili ndama apite. Baadaye hukaza. Wengine hukawia kukaza." Akamwelekezea mume wangu kidevu. "Muulize mumeo. Yeye huwapapasa kila wiki."

Mume wangu hakuinua macho kwenye koleo.

Nilifurahi. Naliandika hivyo hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa: paka kapasuliwa mbele yangu, na mie moyo unanienda mbio kwa furaha kwamba kitu changu kina mahali, kina umbo la sikio, na kinasogea kwa sababu kiliumbwa kisogee. Furaha hiyo ilidumu mpaka nje ya geti. Barabarani ikageuka.

"Ng'ombe unawapapasa kila wiki," nilimwambia mume wangu. "Unajua wanalegea. Mkeo anakwambia kiuno kinasogea, unamwambia ajinyooshe!"

Alibeba tenga kwa mikono miwili, asimtikise paka. "Sikuwaza," alisema. "Ng'ombe ni kazi. Sikuwaza kwamba na mtu…"

"Mie si mtu wa kuwaziwa?"

Tulikwenda mpaka karibu na kisima. Hapo akasimama, akasema, "Pole, mama watoto." Tulikuwa na mtoto mmoja tu, lakini sikumkosoa.

Amri ya Bwana Mifugo ilikuwa kwamba paka asiruke, asipande, asitembee, mpaka mfupa ushike. Akae ndani ya tenga. Mama mkwe aliipokea amri hiyo kama sheria ya dini. Tenga likawekwa kivulini, likatandikwa matambara, samaki akachambuliwa miiba, maji yakaletwa mpaka mdomoni. Watoto wa jirani wakikimbia karibu, walifukuzwa. "Ana kiungo kibovu huyu, mnataka asimame?" Na akiyasema hayo, mie nilikuwa hatua chache pembeni, natwanga mpunga, nimeegemea mguu wa kushoto. Kila nikiuinua mchi nilimtazama yule paka amelala chali, nikasema moyoni kwamba angalau mmoja wetu anatunzwa.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kuhusu mkaja. Kwa paka haukufaa, kwa kuwa mfupa wake ulikuwa umehama kabisa, na kitambaa kilikaza tumbo lenye kibofu kilichojaa. Lakini mie mfupa wangu haukuhama. Ulilegea tu. Tena nilijiuliza, mkaja unafungwa wapi? Tumboni. Na kile kiungo kiko wapi? Chini ya hapo. Basi nikaingia bafuni, kile kibanda cha makuti uani, nikachukua kanga, nikaikunja, nikaifunga chini kabisa, kwenye mifupa ya nyonga, nikaikaza mpaka nikaguna. Nikainua mguu wa kulia. Nikautua. Nikauinua tena. Hakikusogea. Nilisimama mle bafuni nikiinua na kushusha mguu, nacheka peke yangu.

Mama mkwe hakukawia kuona.

"Na hicho nini? Kibwebwe?" Kibwebwe ni hicho wanachofunga wanawake nyongani wakienda kucheza ngoma. "Mwanamke ananyonyesha, amejifunga kama yuko uwanjani! Una ngoma wapi weye?"

"Sina ngoma, mama. Kinanisaidia."

"Kinasaidia kukatika viuno."

 Nilijifunga hivyo kesho yake, na keshokutwa yake, na siku zilizofuata, na alinidhihaki kila siku, mara nyingine mbele ya wageni. Lakini nilitwanga. Nilichota maji. Taratibu nikaacha kushika ukingo wa kitanda nikigeuka, na siku moja nikagundua nimevuka kizingiti kwa mguu wa kulia bila kukumbuka. Mama mkwe naye alikuwa anatazama. Dhihaka zilipungua, akabaki kunitazama tu nikitembea, kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Paka alitolewa kwenye tenga alasiri moja, mume wangu yuko kazini. Alisimama, akayumba, akanyoosha mguu mmoja wa nyuma kisha wa pili, akatembea mpaka jikoni kama mtu aliyechelewa chakula. Alichechemea kidogo tu. Mama mkwe alimshukuru Mungu kwa sauti, akamshika, akamweka mapajani.

"Hicho chuma kiko wapi?" aliniuliza. "Nionyeshe."

Nikakaa karibu yake mkekani, nikachukua vidole vyake, nikaviweka kwenye kovu, nikavisogeza mpaka kwenye bawa la nyonga. "Kimeingia hapa, kimekwenda ndani hivi, kimeshika mgongo. Hapa ndipo palipoachana." Alipapasa kwa makini. Mikono yake ilikuwa imekanda wazazi wengi, na nilimwona anasoma kwa vidole kitu ambacho hakuwa amekisoma kabla.

"Na watu wanacho?"

"Wanacho, mama. Lete mkono." Nikageuka, nikamwekea gumba lake mgongoni kwangu, pale pale. Akabonya. Nikaguna, maana maumivu yalikuwa hayajaisha yote. Akaondoa mkono haraka kama aliyeshika chungu cha moto.

Nilingoja maneno. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno kwa miezi.  Badala yake alimshusha paka mkekani, akajifunua kanga ya juu, akanigeuzia mgongo wake, mgongo wa mwanamke mtu mzima ambaye sikuwahi kumwona anapumzika.

"Nitafutie na mie," alisema.

Nilianza kwenye uti, nikashuka, nikafika panapobonyea upande wa kushoto. Hata sikubonya kwa nguvu. Mwili wake wote ulishtuka.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu nimzae mumeo." Alisema bila kugeuka, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilimwambia mama mkwe wangu. Akasema mie mvivu." Nikaona mabega yake yanacheza. Nilitaka kutoa mkono nimshike vizuri, akaudaka kwa wake, akaurudisha palepale.

"Hapo hapo, mwanangu," alisema. "Usiutoe kwanza."